Kurudi Mwanzo wa Mstari

Mjukuu wangu Bushira alifeli mtihani wa kuingia chuo, ule wa kusoma Kifaransa kwa sauti. Chuo kimoja cha Mbale kikampa nafasi ya pili, ya mwisho kwa mwaka huu. Akifeli tena atakaa nyumbani Jinja mpaka mwakani, na wenzake wote wameshaanza masomo.

Mimi bibi yake, haboba anavyoniita, Kifaransa sijui, shule niliishia darasa la nne. Ila madrasa nilisoma, na kusomesha najua: kila kipande cha neno kofi moja, ukikosea unarudi mwanzo wa mstari. Hatuachi kosa nyuma. Basi kila siku baada ya alasiri tukaketi mkekani, simu inatamka, yeye anafuata, mimi napiga makofi.

"Fi-ni-ssons," anasoma. Makofi matatu. "Fi-nissent." Mawili.

"Herufi tisa, makofi mawili? Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

"Haboba, waulize Wafaransa. Mimi zimeshanichosha."

"Sasa hivi umeitamka ile herufi ya mwisho, na simu haikuitamka. Rudi mwanzo."

"Nimerudi mara kumi na moja."

"Hii ya kumi na mbili."

Akarudi, amenuna, lakini akarudi.

Usiku wa kuamkia mtihani tulilala Namatala, hapohapo Mbale, kwa dada yangu Hajara, asubuhi tukaenda chuoni. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha. Mwalimu Mafabi akampa ukurasa mmoja na dakika tatu.

Mistari miwili ilitoka vizuri. Wa tatu akakwama kwenye neno lilelile, akalitamka mpaka mkia wake. Akarudi mwanzo wa mstari. Akakosea tena, akarudi tena. Mimi huku nje nasema moyoni, pita mwanangu, wewe pita tu. Mikono nimeikalia.

Dakika zikaisha, nusu ya ukurasa haijaguswa.

"Kosa moja wanakata alama moja," aliniambia alipotoka, hanitazami. "Ningepita tu. Wewe ndiye umenizoesha kurudi."

Nikaingia kwa mwalimu.

"Mwalimu, kosa ni langu, si lake."

"Mama, siwezi kuandika alama za mistari ambayo hakuisoma."

"Usiandike. Msikilize tu."

Alitazama saa, akashusha pumzi, akasimama mlangoni. Bushira akasoma palepale barazani, mbiombio, kwa hasira, mpaka chini. Alikosea mara nne. Kila kosa ulimi uliniwasha, nikauma mdomo.

"Angesoma hivi ndani, angepita," Mafabi akasema, anafunga mlango kwa ufunguo. "Mwakani aje hivi hivi. Na mama, mwache asome peke yake."

"Nimesikia, mwalimu."

Bushira akakunja karatasi, akashika njia ya kituo cha magari. Hakuningoja. Nikamfuata nyuma, polepole.