Bonde Lililofukiwa

Mchoraji wa bustani alikuwa amemweleza mkurugenzi mara tatu, ramani ikiwa mezani: lile bonde katikati ya bustani ya mji limechimbwa makusudi, ili mvua kubwa ikija maji yatulie humo kwenye matete, na mitaa ya chini ipone. Kumbe alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Mvua ya kwanza iliponyesha na bonde likajaa kama lilivyotakiwa, mkurugenzi alishika kichwa.

"Bustani mpya imeharibika! Imejaa maji!"

Wiki hiyohiyo akaleta malori ya kifusi, akalifukia bonde, akamwaga zege juu yake na kupanga mabenchi.

Leo, baada ya mvua ya pili, amemwita mchoraji ofisini ajieleze kwa nini bustani yake imeshindwa kuzuia mafuriko. Imeshindwa! Jamani, huyu mtu ana uso wa kutazama watu? Njiani mchoraji alipita zahanati ikitoa magodoro yaliyolowa, akampita shangazi yake akikomba tope sebuleni kwa sufuria. Alifika mlangoni viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini.

Mkurugenzi alikuwa amekaa juu ya meza, mafaili yakielea chini yake.

"Dada yangu, tuache lawama. Wewe ndiye mtaalamu. Haya maji niyapeleke wapi?"

"Yalikuwa na kwao, mzee," alisema. "Umeyafukuza, yamehamia kwako."