Kupima Nyumba Bila Mlango

Kitinda alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kumwona mtu anahangaika na simu akanyamaza. Atainyakua, atabonyeza, atairudisha. "Haya, tayari." Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, na jina likamfuata hadi kazini. Kazi yenyewe sasa! Alikuwa mpimaji wa programu za simu: anamkalisha mgeni, anampa simu, kisha anatazama tu wapi panamkwaza. Jamani, ugonjwa ule na kazi hii vinapikika chungu kimoja?

Vilipikika kwa sababu Kitinda alikuwa anafanya ujanja. Kabla wageni hawajafika, yeye huwafungulia akaunti wote, ili wakishika simu wawe tayari wako ndani. Masikini, aliwaonea huruma.

Programu yenyewe waliitengenezea katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro, nayo ilikuwa ya kutunza picha na sauti za familia. Haikuwa na bwana mmoja. Vitu vyako hugawanywa vipande vipande, vikatunzwa kwenye kompyuta za watu wengi, kwa hiyo hakuna kampuni ya kufilisika ikaondoka navyo. Ila ukipoteza ufunguo wako, yaani maneno yako ya siri ya kuingilia, hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Kitinda aliipenda kwa ajili ya Baba. Baba alifariki akaacha sauti chache tu: anacheka, anakohoa, anamsimulia Mama kisa huku kijiko kikigonga kikombe. Nyingine zilishapotea kampuni fulani ilipofunga milango. Zilizobaki zilikuwa kwenye simu ya Kitinda, na ofisi ilikuwa inamhamishia mji mwingine mwisho wa mwezi. Mama alitaka kumsikia mumewe mwenyewe, saa anayotaka, bila kumwomba mtoto. Kumwekea kwenye simu yake? Thubutu! Simu mbili zilishamtumbukia kwenye ndoo.

Majaribio yakapita salama salimini. Bosi akapiga makofi. "Jumatatu tunazindua!"

"Bosi, hatujapima watu wanavyoingia," Kitinda akasema.

"Kuingia ni kuingia tu. Sisi tunapima nyumba. Mlango nani asiyeujua?"

Fundi, yule aliyeiandika programu, akadakia kwamba maelezo yote yapo, hata mtoto anaelewa. Kitinda roho ikawa inamsuta, maana wale wageni hakuna hata mmoja aliyeuona huo mlango. "Nipeni mtu mmoja zaidi," akaomba. "Aanzie nje."

Kesho yake akaja na Mama.

Mama akavaa miwani, akapewa simu ya ofisi. Bosi na Fundi wakakaa kwenye benchi la nyuma. Kitinda akaikalia mikono yake. Kweli kabisa, aliikalia, isije ikamponyoka.

Yakatokea maneno kumi na mawili: mbuzi, ngazi, asali, na mengineyo. Chini yake: "Huu ndio ufunguo wako. Uhifadhi mahali salama. Usimpe mtu yeyote." Mama akasoma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Akatoa simu yake mwenyewe, akayapiga picha yale maneno, akaituma kwenye kundi la familia.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si nimeambiwa mahali salama? Simu zangu hupotea. Kundi la familia halijawahi kupotea."

Hata maji aliyokaribishwa hajayamaliza, picha yake kwenye programu ikabadilika. Akatokea Mjomba, mdogo wake Mama, mtu wa masihara kupindukia, ambaye Kitinda mwenyewe alishampa programu ile aijaribu. Amevaa miwani ya jua, mdomo wazi, na jina jipya chini: Malkia wa Ndoo.

"Huyu mshenzi! Ameyaona maneno kundini, akaingia!" Mama akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kitinda naye akacheka. "Haya Fundi, mtoe."

Fundi akajikuna kisogo. "Simuwezi. Hakuna anayemuweza. Mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba."

"Na akifuta kitu?"

"Kimekwenda."

"Je, ingekuwa ni sauti ya Baba?" Kitinda akauliza. Mama akaacha kucheka.

"Lakini imeandikwa usimpe mtu!" Bosi akang'aka.

"Mwanangu," Mama akamwambia taratibu, "nikificha kitu ndugu zangu wasijue kilipo, siku nikifa nani atakitafuta?"

Bosi akaichukua ile simu, akaigeuzageuza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye kitanda hiki hata shuka hajawahi kuligusa. Kitinda hapo hapo akatoboa: "Wale wageni niliwafungulia mimi. Niliwaonea huruma."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Mama akasema, akamalizia maji yake.

Uzinduzi ukasogezwa. Maneno kumi na mawili yakatupwa. Badala yake, mtu anachagua watu watatu anaowaamini. Akipoteza njia, wawili kati yao wakikubali anarudishiwa, na hakuna kati yao anayeweza kuingia peke yake. Tangu siku hiyo kila jaribio likaanzia mlangoni. Mama akarudi. Akakwama, akarudi nyuma, akaitukana simu, akakwama tena. Kitinda jasho linamtoka, mikono chini ya mapaja. Mwishowe Mama akachagua watu wake: jirani, dada yake mkubwa, na Mjomba.

"Mjomba? Na mimi je?" Ilimuuma, asikudanganye mtu.

"Wewe ukiwemo nitakuita kila siku, na wewe utakuja. Nenda, mwanangu."

Sauti za Baba, Mama aliziingiza mwenyewe, moja moja.

Jumapili ya kwanza kwenye mji mpya Kitinda akapiga simu. Iliita sana. Mama alipopokea, nyuma yake kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, na mwanamume anacheka.

"Mama! Umeingiaje?"

"Si kwa mlango? Nipigie baadaye, naongea na baba yako."

Akakata. Kitinda akabaki katikati ya maboksi, simu mkononi, anacheka huku analia. Hakupiga tena mpaka jioni.