Mkwe wa Wodi Nzima

Mwaka wa pili wa Uhuru, hospitali moja ya upande wa Msambweni ilikuwa na vyombo viwili vya kubebea wagonjwa: machela iliyochanika, na Mwero. Machela ilikuwa ikisubiri kushonwa. Mwero hakusubiri chochote. Alimtia mgonjwa mikono kwapani, akapiga kelele "Harambee!", na mgonjwa akajikuta kitanda cha pili, hata kama bega lilikuwa bado halijajiandaa. Ndivyo lilivyoteguka bega la Mzee Menza mwezi uliopita. Mwero alisema mzee alijilegeza.

Sista Mbula, muuguzi kutoka Ukambani, alifundisha hadi sauti ikamkauka: mwambie mgonjwa kwanza, tandika shuka chini yake, lishikeni wawili, pindeni magoti, vuteni pamoja.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alimwambia Mwero.

Mwero alicheka. Shuka ni la wanyonge. Yeye alibeba magunia ya mbata tangu ujanani, na hakuna gunia lililowahi kulalamika.

Jumatatu akaletwa Bibi Jumwa kutoka Waa, amepooza upande mmoja, mgongo umeanza kuchubuka. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, alisema Mbula, kidonda kitafika mfupani. Mwenye zamu alikuwa Mwero. Na Bibi Jumwa ndiye aliyemzaa mke wa Mwero.

Kwa miaka minane, kwa heshima ya ukwe, wawili hao wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani, na kwa kawaida ni Mwero. Leo amshike mama mkwe kiunoni, watu wakitazama? Na akimwacha aoze, atamwambia nini mkewe? Shujaa wa magunia akatokwa jasho mpaka masikioni.

"Huyu hanigusi," alisema Bibi Jumwa, uso kaufunika leso. "Heri nife na heshima zangu."

"Simgusi, wallahi," Mwero akauambia ukuta.

"Na shuka je?" akauliza Mbula, kwa upole wa mtu aliyesubiri mwaka mzima. "Shuka nalo ni mwiko?"

Hakuna mzee aliyewahi kukataza shuka. Mbula akamlaza bibi ubavu, akalipenyeza shuka, akamkabidhi Mwero pindo. Mwero akapinda magoti, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaomba ruhusa.

"Shikamoo, mama. Tunataka kukusogeza upande wa dirishani. Uko tayari?"

"Marahaba. Polepole, baba."

Moja, mbili, tatu. Bibi Jumwa akasogea bila hata kuguna.

Ukuta uliotenga wodi ya wanawake na ya wanaume haukufika darini, kwa hiyo yote yalisikika. Mwero alipoingia kwa wanaume, mikono kaitanua tayari, Mzee Menza akajifunika uso.

"Usinisogelee. Mimi mkweo."

"Tangu lini, mzee?"

"Nina binti Ukunda. Hujamwoa bado, lakini heshima na ianze leo."

Wa kitanda cha pili akakumbuka kuwa ana mabinti watatu. Wa kitanda cha nne, kijana asiye hata na mke, akaahidi kuzaa.

Wodi nzima ikacheka, Mwero naye akacheka, mpaka Mzee Menza alipofunua uso. Yeye hakuwa akicheka. Akainua kidogo mkono wa kulia uliofungwa kwa kitambaa shingoni.

"Ungekuja kuposa mwezi uliopita, mwanangu," alisema, "leo ningekuwa nakula kwa mkono wangu."

Mwero aliona haya, haya ya kweli, ya kutamani ardhi immeze. Akaenda kuleta shuka na kumwita Sista Mbula.

"Shikamoo, baba," alisema, magoti ameyapinda. "Naomba ruhusa."

Mzee Menza alimwacha asubiri kidogo, ndipo akaitikia.