Pita Wewe, Abu Majd

Mume wangu Fawwaz, akiwa mlangoni, ana adabu mpaka anachosha. Hawezi kuingia kwenye lifti kabla yako. Atakushika mkono na kukuapia kwa roho ya marehemu mama yake kwamba wewe kwanza, nawe ukiwa umezaliwa Beirut utamwapia yeye, na lifti itajifunga iende zake tupu. Mtu huyohuyo mpe usukani uone. Barabara yote inageuka urithi wa baba yake, na sisi wengine ni wavamizi.

Taa za makutano ya Mazraa zilikufa zamani, umeme ulipoanza kutukimbia. Tangu hapo anayepita pale ni mwenye honi kubwa na haya ndogo. Fawwaz hapungukiwi na kimojawapo.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mtihani wa binti yetu Lamis. Mwaka uliotangulia homa ya matumbo ilimlaza kitandani wiki ya mitihani ya taifa, akaikosa yote. Chuo cha uuguzi kilikubali kumwekea nafasi yake mwaka mmoja, si zaidi. Na lango la kituo cha mtihani likishafungwa saa mbili, halifunguliwi kwa machozi ya mtu. Kwa hiyo tulipoingia garini alimwekea baba yake sharti moja.

"Baba, leo endesha kama mtu. Pale kwenye taa zilizokufa, simama kabisa. Aliyefika kwanza apite kwanza. Mkifika pamoja, apite aliye kulia kwako."

"Na mimi nitapita lini, mwakani?"

"Utapita zamu yako ikifika. Ukigonga gari leo, mimi nimekwisha."

Fawwaz akaapa, na nashuhudia kwamba alitimiza. Alisimama pale kwenye makutano, magurudumu yametulia. Akapisha gari la maji. Akampisha mama mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. Waliokuwa nyuma yetu walitupigia honi, na mmoja akamtajia mama yake kwa namna isiyoandikika, naye akameza. Nilikaribia kumpenda upya.

Zamu yetu ilipofika, upande wa kulia ilifika nayo Mercedes ya kijani. Nikaijua kabla sijamwona dereva. Ni ya Halim, tunamwita Abu Majd, yaani baba yake Majd, jirani yetu wa ghorofa ya juu.

Halim na Fawwaz walikuwa hawasemezani, na kisa ni nafasi moja ya kuegesha gari chini ya jengo letu. Kila mmoja anasema ni yake. Wanaume wazima, wenye mvi, walikuwa wakipishana ngazini kila mmoja akitazama ukuta wake. Mimi na mke wa Halim tulikuwa tukipelekeana vyakula kwa mlango wa jikoni wao wakiwa kazini.

Basi, kwa sheria ya Lamis, Halim ndiye wa kupita. Fawwaz akamnyooshea mkono: pita. Halim akautazama ule mkono. Kupokea hisani ya mtu usiyesemezana naye ni kushindwa, hilo kwetu halihitaji kufundishwa. Akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kwa heshima zote, kisha akanyoosha mkono wake: wewe pita. Fawwaz naye akaweka kiganja kifuani.

Lamis alimsihi baba yake aende, maadamu ameshapishwa.

"Siwezi," akasema Fawwaz. "Nikipita, jioni jengo zima litaambiwa alinihurumia."

Hakukuwa na mkorofi pale. Tulizibwa na uungwana. Pikipiki zikajaa katikati, lori la mboga likaingiza pua, kila gari likalisukuma la mbele yake, mpaka ikawa hata anayetaka kwenda hawezi. Lamis akaanza kulia bila sauti, jicho kwenye saa. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikafungua mlango nikashuka na kandambili zangu za nyumbani, nikaenda kugonga kioo cha Halim.

"Abu Majd, Lamis ana mtihani. Lango linafungwa."

Uso ulimbadilika. "Leo? Mbona mumeo hakusema?"

"Atasemaje na hamsemezani?"

Akamtazama Lamis kule garini. "Mtoto huyu nimempandisha ngazi za jengo letu mabegani mwangu umeme ukikatika," akasema. "Rudi garini, Umm Lamis. Mwambie yule kichwa ngumu awe tayari."

Mercedes ile Halim huiosha kila Ijumaa na kuifunika shuka. Siku hiyo aliipenyeza katika msongamano mpaka ikalala kukingama barabara kubwa, isipite hata baiskeli. Lori la mboga lilichelewa kushika breki, nikasikia taa ya mbele ikivunjika. Halim hakugeuka hata kuitazama. Alishuka, akasimama mbele ya boneti, akainua mkono vidole vyote vitano vimekutana ncha juu, vile tunavyomwambia mtu asubiri.

"Binti yetu ana mtihani," akawaambia.

Habari ikapita dirisha kwa dirisha. Honi zikanyamaza moja moja. Dereva wa lori akarudi nyuma, pikipiki zikajibana pembeni, na yule aliyemtukana mama mkwe wangu akashuka mwenyewe kuwaongoza wengine, akisema wampishe daktari, maana habari ilikwisha kukua njiani. Ikapatikana njia ya upana wa gari moja. Tulipomfikia Halim, Fawwaz akashusha kioo.

"Abu Majd, taa yako..."

"Pita, Fawwaz."

Akapita. Tulipofika kituoni mlinzi alikuwa ameshalishika lango, na Lamis akapenya. Fawwaz akalaza kichwa kwenye usukani akalia, nami nikamwacha alie.

Leo Lamis anavaa sare nyeupe. Kila nikimwona ndani yake namshukuru Mungu, kisha Halim, kisha dereva wa lori ambaye jina lake sitalijua, na hata yule mtukanaji namwombea heri.

Jioni ya siku ile ya mtihani Fawwaz alipanda juu na sinia ya knafe ya moto, kile kitamu chetu cha jibini na shira. Wakala, wakashuka pamoja hadi ile nafasi yao, na nikiwa kwenye roshani niliwasikia wakianza. Ni yako, Abu Majd. Wallahi ni yako wewe. Hawajamaliza hadi sasa. Kila mmoja anaegesha mtaa wa nyuma ili kumwachia mwenzake, na nafasi iko tupu. Mimi natembea na mifuko ya viazi kutoka huko hadi nyumbani, vidole vinaniuma, na nashukuru.