Ukoo wa Muuza Kompyuta

Shangazi yangu Kalekye hununua ndengu hapa Kathonzweni, na hajawahi kununua gunia kwa kuliangalia usoni. Ana bambo lake, kile chuma chenye ncha na mfereji, na hulichoma gunia ubavuni, chini kabisa, pale ambapo mkulima mwenye mambo yake huficha mchanga. Mkulima akianza kumweleza habari za mvua, anachoma mara ya pili. Hata kanisani mchungaji akisema "na la mwisho," shangazi hafungi Biblia. Anajua bado.

Nimeanza na bambo ili mjue nilikuwa napambana na nani siku nilipomwambia nataka kompyuta.

Kazi nilikuwa nimepata, na si kazi ya kusubiri. Mwanamke mmoja wa Nairobi alinipima kwa kompyuta ya kuazima, akaridhika: nisikilize mikutano ya watu iliyorekodiwa, niipige chapa, nimtumie. Nilimaliza Form Four miaka miwili iliyopita na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kushika mizani ya shangazi na kutaniana na wakulima, kwa hiyo kulipwa kwa kusikiliza watu wakibishana niliona ni zawadi. Sharti lilikuwa moja. Jumatatu asubuhi niwe na kompyuta yangu mwenyewe, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayenifuata. Hiyo ilikuwa Jumanne. Shangazi alikubali kuinunua, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Duka nilikuwa nimeshalipata kwenye mtandao. Lilijiita Shuka Bei Elektroniki. Unachagua, unalipa kwa simu, wanakutumia mzigo kwa basi hadi mji wa Wote. Bei yao ilikuwa nusu ya ile ya madukani. Nilimwonyesha shangazi picha. Akauliza duka liko wapi. Nikasema liko kwa mtandao. Akauliza huo mtandao ukifunga jioni, ufunguo anabaki nao nani. Nikamwambia anti, haufungwi. Akasema duka lisilofungwa halina mwenyewe, akaenda zake kupima ndengu.

Jumatano nilimsomea maoni ya wateja. Yalikuwa mengi, yote nyota tano. Nilisoma sita kwa sauti ya mtangazaji wa redio nikadhani nimemaliza. Akaniambia, "Hayo ni ya juu. Shuka chini." Nikashuka. Akasema bado. Nilisukuma kidole mpaka kikapata joto na data yangu ikakaribia kukata roho. Kule chini kabisa maoni yalikuwa yale yale: huduma safi, mzigo umefika, Mungu awabariki. Shangazi akataka kujua yaliandikwa lini. Yote yaliandikwa ndani ya siku mbili tu. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeyaandika.

"Gunia la ndengu zilizolingana juu mpaka chini limechambuliwa na mtu," alisema. "Shamba halizai hivyo."

Nilimwambia hii si ndengu. Nilimwambia pia kwamba watu wa umri wake ndio wanaofanya Makueni ibaki nyuma, maneno ambayo yalinigharimu chai ya jioni.

Alhamisi alisema atapiga simu mwenyewe. Nikafurahi, nikijua atamhoji mtu wa watu mpaka ashushe bei zaidi. Shangazi ana kanuni ya pili, ya vitu asivyoweza kuvichoma: kitu usichokiona, mjue mwenyewe. Mzigo ukitoka Kitui hajauona, huuliza ni wa mtoto wa nani, na watu wao ni akina nani.

Basi akapiga, spika imefunguliwa. Na kwa kuwa amelelewa vizuri, alijitambulisha kwanza, kikamilifu, kama mtu aliyesimama mbele ya wazee: yeye ni Kalekye, wa Kathonzweni, wa ukoo wa Aombe. Halafu ndipo akauliza, na wewe mwanangu ni wa wapi?

Kukawa na kikohozi kidogo. Kisha sauti laini ikasema, "Wakya, mwaitu." Yaani amemwamkia kwa Kikamba na kumwita mama. Akasema jina lake ni Mbuvi, kwao ni Makueni, na kama Mungu alivyopanga, naye ni wa Aombe.

Nilimwona shangazi akilainika mbele ya macho yangu kama uji uliotiwa maziwa. Bambo lilikuwa limelala kando yake, amelisahau. Aliuliza habari za nyumbani, yule Mbuvi akarudi kwenye Kiswahili upesi, shangazi akamsamehe akisema watoto wa Nairobi ndivyo walivyo. Akamweleza magoti yake yanavyomuuma. Akamweleza habari za marehemu baba yangu, ambazo mimi mwenyewe huzipata kwa vipande. Mwishowe akafumba macho na kuiombea biashara ya Mbuvi kwenye simu, dakika nne, kwa pesa zake za maongezi. Alipokata aliniambia nijiandae, kesho jioni anatuma pesa.

Nilipaswa kurukaruka. Badala yake nilikasirika kuliko Jumanne. Siku tatu mwanamke huyu amenichimba mimi, ameichimba simu yangu, amechimba maoni ya watu wasiojulikana mpaka mwaka wa kwanza wa dunia, halafu anaangushwa na salamu. Na lile alilosema la ndengu zilizolingana lilikuwa limeanza kuniwasha. Nikamkumbusha. Akasema wale wateja ni watu wenye adabu tu. Nikamwambia, "Anti, wewe ndiye uliyemtajia ukoo. Yeye amekubali tu."

"Mtu hawezi kudanganya ukoo," alinijibu. "Atasema nini siku ya kuzikwa?"

Usiku huo sikulala vizuri, na Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Gathoni. Gathoni anauza mbegu na dawa za mifugo, duka la pili kutoka mizani yetu. Watu wake ni wa Karatina, walihamia Kibwezi kufanya biashara kabla yeye hajazaliwa, na ndiye mtu pekee hapa anayenizidi utundu. Nilimweleza ninachotaka. Nikamwita shangazi aje aone mbegu mpya. Alipoingia, Gathoni alikuwa ameshapiga ile namba, simu iko kwenye kaunta, spika imefunguliwa.

Gathoni akajitambulisha kwa heshima zote, kwa Kikuyu kwanza, kisha Kiswahili ili shangazi afuate. Jina lake, kwao Karatina, na ukoo. Sasa ukoo. Koo za Wakikuyu hazifiki hata kumi kamili na kila mtoto wao huzijua, lakini Gathoni aliinua macho kwenye rafu, akasoma jina lililoandikwa kwenye kopo la dawa ya minyoo ya mbuzi, akasema yeye ni binti wa ukoo huo.

Kikohozi kidogo. Kile kile. Sauti laini ikamwamkia kwa Kikuyu kilichochechemea, ikahamia Kiswahili, ikasema jina lake ni Kanyi, kwao ni Karatina, na kama Mungu alivyopanga, naye ni wa ukoo ule ule.

Gathoni aliuma kitambaa chake cha kichwa ili asicheke. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka kwa wiki nzima, nikamtazama shangazi, kicheko kikanikwama. Alikuwa amelishika lile kopo la dawa akilizungusha polepole, kama mtu anayetafuta jina la marehemu kwenye orodha.

Tulitoka. Kwenye mizani akasimama.

"Nilimwombea," akasema.

Nikamwambia najua.

"Ile sala sasa nitairudisha vipi?"

Nilimuuliza tu kuhusu kompyuta, kwa sababu Jumatatu haikuwa imesogea hata kidogo. Akaniambia nivae viatu vizuri kesho, tunakwenda Wote.

Duka la Wote lilikuwa la mtu anaitwa Kitheka, kijana mnene asiye na haraka, aliyekuwa akila muhogo wa kuchemsha juu ya kitabu cha risiti. Kompyuta iliyotufaa ilikuwa imetumika, nzito kama kalamazoo, lile daftari nene la shule, na ghali kuliko ile ya picha. Shangazi akauliza kama bei inashuka. Hapana. Akauliza kama betri inakaa siku nzima. Hapana, saa mbili ukiibembeleza. Akauliza kama ataibadilisha ikiharibika baada ya mwaka. Hapana, miezi mitatu, na herufi K inagoma kidogo, asiseme hakuambiwa.

Shangazi akavuta kiti, akaanza kubonyeza vitufe kimoja kimoja, akianzia mstari wa chini kabisa. Alipofika juu, akamuuliza watu wake ni akina nani. Nikatambua kwamba safari hii hakutaja ukoo wetu kwanza.

"Mama," Kitheka alisema, akimeza muhogo, "unanunua kompyuta ama unamtafutia huyu dada mchumba?"

Shangazi akafunga kifuniko cha kompyuta. Kisha akageuka kwangu, ameridhika kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Chukua hii," akasema. "Huyu ameniambia hapana mara tatu na hata hataki kunijua."

Tulikuwa tumekaa nje ya duka, sanduku magotini mwangu, simu yake ilipolia. Nilisikia kikohozi kabla sijasikia salamu. Wakya, mwaitu, ofa inaisha leo saa kumi, ametuwekea moja pembeni kwa sababu ni damu. Nilinyoosha mkono niikate. Shangazi akanizuia.

"Mwanangu Mbuvi," akasema kwa upole mwingi, "afadhali umepiga. Sisi Aombe tulikaa kikao jana kwa ajili ya huyu mtoto. Tumeona kompyuta utamnunulia wewe, maana wengine wote wameshatoa. Jumapili baada ya ibada tunakungoja nyumbani. Njoo na mbuzi, wazee wakutambue."

Simu ikakatika. Shangazi akaitazama, akaifuta kwa ncha ya leso, akaiweka kifuani.

"Ameukana ukoo," akasema. "Ile sala ibaki naye tu. Ataihitaji."

Jumatatu saa mbili asubuhi nilianza kazi. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa chama cha wafugaji kuku. Nabonyeza K kwa dole gumba, kwa nguvu zote, na wao hawasemi kitu kingine isipokuwa kuku.