Vifuniko vya Mwajabu

Mjini Karatu, mtu akikuambia kitambaa chake cha mezani kimesimama, mwulize kama kilipita mikononi mwa Mwajabu. Kama hakikupita, basi kimeinama na mwenyewe hajui. Hayo alikuwa akiyasema Mwajabu mwenyewe, dukani kwake nyuma ya soko, katikati ya nyuzi na mikebe ya shanga, na kwa kuwa alisema kweli watu walimwacha aringe. Vitambaa vyake vya kufuma vilikaa juu ya jagi vikavu, ncha zimechanuka, hata ukaona vibaya kuvigusa. Wenzake walijaribu wanga, wakajaribu uji wa mhogo, vyao vikalegea kabla sikukuu haijaisha. Walipomwuliza siri yake, kwa miaka ishirini jibu lilikuwa lile lile: "Ni dawa. Naletewa kutoka Unguja."

Fahari yake ya pili ilikuwa Nafisa, mwanawe wa pekee, dereva wa watalii. Si dereva wa kupeleka watu stendi. Gari lake lilikuwa la paa la kufunguka, linaloshuka kreta ya Ngorongoro asubuhi na kupanda jioni, na yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani akiwaonyesha wageni kifaru alikolala. Mwenye gari alikuwa Bwana Swaleh, muuza vifaa vya ujenzi pale pale mjini, mtu mwenye magari matatu na moyo mwepesi wa kuogopa. Siku alipomkabidhi Nafisa funguo, madereva wa kiume walicheka. Msimu wa tatu ulipoanza walikuwa wanamwuliza yeye njia ipi haina tope.

Halafu nyuki mmoja akaharibu mambo. Huko chini kreta, wakati wa chakula cha mchana, mgeni aliacha soda yake ya kopo imefunguliwa, akageuka kupiga picha viboko, akarudi akapiga funda. Kopo si glasi, huoni kilichomo. Nyuki alimchoma ulimi, ulimi ukavimba, na Nafisa akamkimbiza zahanati kwa mwendo ambao mpaka leo hajamwambia mama yake. Mgeni alipona. Ila aliporudi kwao aliandika mtandaoni kwamba dereva hakuwaangalia, na Bwana Swaleh akayasoma maneno hayo mara nne.

"Likitokea tena, Nafisa, funguo unanirudishia," alisema. "Utakaa ofisini upokee simu. Sikuonei, lakini jina likichafuka sote tunalala njaa."

Nafisa alimsimulia mama yake jioni hiyo huku akikata vitunguu, ili machozi yawe na sababu. Glasi zilishavunjika zote kwenye makorongo ya barabara, alisema, na vikombe vya plastiki wageni hawavitaki. Wanataka kopo, na wanalitaka la baridi. Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni jambo la kitambaa tu," alisema. "Sasa unalia nini, mwanangu?"

Alifuma wiki nzima. Kila kifuniko kilikuwa na upana wa kiganja, nyuzi zimebanwa hata sisimizi asipate pa kupita, na pembeni shanga za kukivuta chini. Kwenye shanga alimpata mwalimu bila kumtafuta. Sinyati, mama wa Kimaasai kutoka Arash aliyezoea kununua shanga pale dukani, alikipima kimoja mkononi akacheka.

"Yeyo, hizi za kumpamba mtoto," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Upepo wa huku utakibeba. Weka kubwa."

Mwajabu hakupenda kufundishwa kazi ndani ya duka lake mwenyewe. Lakini aliweka kubwa. Kisha akajifungia jikoni kuvitia dawa, na hapa, kwa kuwa tuko sisi wenyewe, niseme tu kwamba dawa yenyewe ilikuwa sukari. Sukari ya dukani, iliyochemshwa na maji mpaka ikavuta. Hakukuwa na Unguja wala nini. Alivichovya kama alivyochovya vitambaa vya maharusi wa nusu ya mji, akavianika, vikakauka vikasimama kama visahani. Na usimcheke mapema. Mkono uliofanya kitu kimoja miaka ishirini hauulizi tena, unafanya.

Siku ya kuvijaribu ilikuwa ya safari ya Oldeani, kwenye shamba la kahawa. Wageni walikuwa watatu, mtu na mkewe na dada wa mke, waliotaka kuona kahawa inavyolimwa na kula mchana huko huko. Bwana Swaleh alisema atakuja ajionee mwenyewe. Mwajabu akasema na yeye anakuja, na hakuna aliyethubutu kumwuliza atakaa kiti gani.

Mibuni ilikuwa imechanua. Shamba zima lilikuwa jeupe, harufu iliwapokea hata kabla ya kushuka garini, na nyuki walikuwa kazini kila tawi. Nafisa aliandaa meza kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, akatoa makopo kwenye deli la barafu, akayafungua, kila moja akalivika kifuniko chake. Wageni walivipenda. Dada wa mke alivipiga picha moja moja. Mwajabu alisimama pembeni katika mtandio wake mpya, akimwangalia Bwana Swaleh kuhakikisha kwamba ameona.

Nyuki wa kwanza alitua kabla mtu hajamega mkate. Aliliruka tikitimaji lililokatwa, akaiacha jamu, akatua juu ya kifuniko. Wakaja watatu, kisha kumi, kisha wakawa hawahesabiki, na nyuzi nyeupe zikageuka rangi ya kahawia inayotembea. Wageni walisukuma viti nyuma. Mke alijifunika mdomo kwa mkono, kwa maana habari ya yule mgeni wa kreta alikuwa ameisoma.

Msimamizi wa shamba, Josephati, alisogea bila haraka akainamisha uso juu ya makopo.

"Mimi mtu wa Singida, mama, nyuki nimekua nao," alimwambia Mwajabu kwa sauti ya chini. "Hawa hawatafuti njia ya kuingia. Hawa wanalamba. Umevipaka nini?"

"Sijapaka kitu."

Kinywa kilimtangulia. Moyo ulikuwa umeshaelewa tangu nyuki alipoliruka lile tikitimaji, lakini kinywa kilikuwa na mazoea yake.

Bwana Swaleh aliwasindikiza wageni mpaka kwenye gari, akarudi akasimama mbele ya Nafisa. Hakugomba. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu. Nafisa hakujitetea. Alitia mkono mfukoni, akatoa funguo.

Mwajabu aliiona mikono ile miwili ikikaribiana. Akinyamaza, jina lake linabaki palepale lilipo, na vitambaa vyake vitaendelea kukaa juu ya majagi ya Karatu bila mtu kuuliza. Akisema, basi neno limeshasikika na Josephati na wafanyakazi wote wa shamba waliosimama pale wanatazama, na kabla ya magharibi litakuwa limefika sokoni. Aibu ilimpanda mpaka shingoni. Nyuma ya aibu ikaja hasira ya kujikasirikia mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu.

"Bwana Swaleh, usipokee," alisema. "Mtoto hana kosa. Ni sukari."

"Sukari gani?"

"Ninayovitia ili visimame. Dawa hakuna, na Unguja sijawahi kufika. Nachemsha sukari na maji, nachovya, miaka yote hiyo. Nyuki hawa wamenifuata mimi."

Nafisa alimtazama mama yake kama mtu anayemwona mara ya kwanza, funguo bado mkononi.

Mwajabu hakungoja kusamehewa. Aliomba ndoo mbili za maji. Josephati aliwasha majani makavu, akapitisha moshi kidogo juu ya meza, akavitoa vile vifuniko kimoja kimoja kwa mkono mtupu akivikung'uta. Mwajabu alikunja mikono ya gauni akavifikicha kwenye ndoo ya kwanza mpaka utelezi wa sukari ukaisha, akavisuuza kwenye ya pili. Josephati akaibeba ile ndoo tamu mpaka mwisho wa shamba, na nyuki wakamfuata hatua kwa hatua kama wamealikwa.

Vifuniko vilitoka ndooni vimelegea. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kufuma, Mwajabu aliiweka kazi yake mbele za watu ikiwa imelala. Nafisa alifungua makopo mapya, akavika cha kwanza, na hapo mama mtu akaona jambo ambalo halikumjia wiki nzima ya kufuma. Kikiwa kimesimama, kitambaa kilikuwa kinakaa tu juu ya kopo na kuacha upenyo pembeni. Kikiwa kimelegea kilishuka chenyewe, zile shanga kubwa zikakivuta pande zote, kikashika mdomo wa kopo kama ngozi ya ngoma. Nyuki mmoja aliyechelewa karamu alitua, akazunguka mara mbili, akajaribu kusukuma kichwa baina ya shanga, akaruka akaenda zake.

Bwana Swaleh alikuwa ameinama mikono magotini akimtazama nyuki huyo mpaka mwisho. Nafisa aliwafuata wageni garini, akawaeleza kwa Kiingereza yote yaliyotokea, bila kuificha sukari. Mke alikuwa wa kwanza kurudi mezani. Aliinua kifuniko, akachungulia, akanywa, akakirudisha, kisha akaushika mkono wa Mwajabu ungali na maji.

"Mama Nafisa," alisema Bwana Swaleh akijinyoosha, "nitahitaji vya magari yote matatu. Visivyosimama."

Kisha akamgeukia Nafisa, akautazama mkono wenye funguo, na wa kwake akautia mfukoni.

"Wageni wako wakimaliza kula, wanataka kuona maporomoko," alisema. "Mimi nitakaa nyuma."

Habari ilifika Karatu kama Mwajabu alivyojua itafika. Kesho yake, duka halijafunguliwa vizuri, Hajira wa duka la vitenge alikuwa mlangoni pamoja na wanawake wawili aliowaokota njiani. Kwa miaka yote hiyo Hajira alikuwa akiomba aletewe japo chupa moja ya ile dawa.

"Shoga," alisema, na furaha ilimshinda kuificha, "eti ni kweli ni sukari?"

Mwajabu hakuinua macho kwenye sindano yake. Alikuwa anafuma kifuniko cha gari la pili.

"Ni sukari. Kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, uchemshe mpaka ivute. Andika kama utasahau."

Hajira aligeuka kuwatazama wenzake. Utamu wa neno lile ulikuwa umeisha kabla hajautafuna.

"Na ukishaandika," alisema Mwajabu, sasa akiinua uso, "niulize gari lililokwenda Oldeani na wageni watatu likarudi na watatu, wote wanacheka, lilikuwa linaendeshwa na nani."

"Na nani?" aliuliza mmoja wa wale wawili.

"Na mwanangu."