Saa Sita Zisizo na Mwenyewe

Jina langu ni Yunis, na tangu kompyuta ya kwanza iletwe hapa shambani watu wananiita Yuniksi. Mwanzoni nilicheka. Wiki ile ya mwezi wa tano, mwaka tisini na sita, kila aliyeniita hivyo nilitamani kumrushia kibodi.

Yuniksi ni mfumo unaoendesha mashine zetu. Waliotuletea walituapia kwamba programu ikiandikwa kwenye Yuniksi moja itakwenda kwenye Yuniksi yoyote. Labda huko kwao. Mimi nilikuwa na mashine tatu ndani ya chumba kimoja, kila moja imetoka kiwanda chake, zote zinajiita Yuniksi, na zilipatana kama ndugu wanavyopatana mpaka siku ya kugawana shamba. Ya kwanza tulipewa na wafadhili mwaka tisini. Mbili mpya zililetwa na kampuni iliyokuwa inalinunua shamba letu la chai, moja ibaki huku juu, nyingine ishuke ofisini kwao Tanga. Kazi yangu ilikuwa kuihamisha hifadhidata ya mvua kutoka mashine kuukuu kwenda kwenye hizo mbili, kisha kuijaribu mpaka swali moja lipate jibu lilelile kwa zote tatu. Nilipewa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa.

Mvua yenyewe ilikuwa ya Mzee Sharifu. Kipimo kiko nyuma ya ofisi, karibu na mabomba ya maji, na yeye hukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Akishakisoma anaingia na viatu vyenye tope, anakaa mbele ya mashine, anaandika namba kwa kidole kimoja, anabonyeza kitufe. Siku na saa mashine inajiandikia yenyewe. Alikuwa amefanya hivyo miaka sita, Jumapili na sikukuu zote, na siku za Idd alikuja na kanzu yake akitoka msikitini. Rekodi zilikuwa zimepita elfu mbili na mia moja.

Kampuni ilisema wazi. Rekodi zikiwa za kweli, watamhitaji mtu wa kuendelea kupima, na mtu huyo ni Mzee Sharifu. Zikiwa za kubuni, ataondoka pamoja na wengine waliopunguzwa, ila yeye barua yake itaeleza sababu. Ana miaka hamsini na minane. Lushoto si Dar es Salaam, mtu akiitwa mwongo kazini, jioni habari imeshafika msikitini na sokoni. Orodha ya watakaobaki ilikuwa ibandikwe Ijumaa mchana.

Jumatatu nilihamisha data na kuuliza swali la kwanza, mvua ya tarehe fulani. Mashine kuukuu ikajibu milimita kumi na mbili. Mashine mpya ikajibu elfu tatu na sabini na mbili. Mvua ya namna hiyo ikinyesha siku moja, Lushoto nzima ingeamkia Mnazi, kule bondeni. Nikahangaika mpaka saa nane ndipo nikaona kwamba mashine moja huisoma namba kuanzia kichwani na nyingine huanzia mkiani. Nikaandika programu ya kuzigeuza. Hakuna aliyesema asante.

Jumanne ilikuwa zamu ya majina ya mafaili. Mashine moja ilipanga herufi kubwa zote mbele ya ndogo, nyingine ikachanganya, na ile ya Tanga ikakataa kabisa amri niliyokuwa nimeitumia miaka sita. Ilisema haiijui. Nikaisomea kitabu chake chenyewe, ukurasa unaoitaja amri hiyo kwa jina. Ilishikilia kwamba haiijui.

Jumatano alifika Nathanaeli, mtaalamu wa kampuni, mtu wa makamo mwenye koti zito na tabia ya kusimama nyuma ya kiti cha mtu anayefanya kazi. Programu mpya ilikuwa inachapa kitu ambacho ile ya zamani haikuwahi kuchapa kwenye ripoti, yaani saa ya kila rekodi. Akaitoa karatasi kwenye printa, akapitisha kidole.

"Dada Yunis, huyu mzee wenu anapima mvua saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Hapa ni saa tisa usiku. Kila siku. Tisa na dakika tano, tisa na dakika mbili, tisa na nane." Akaigeuza karatasi nione. Kweli, safu nzima ilisomeka 03:05, 03:02, 03:08, kwa hesabu ya saa ishirini na nne. "Ofisi inafungwa saa tisa na nusu alasiri na ufunguo anao meneja. Nani alikuwa anaingia humu usiku kuandika mvua?"

"Hakuna. Ni kosa la kuhamisha."

"Basi lirekebishe. Mimi nikipeleka hii Tanga watasema kuna programu iliyokuwa inajibunia namba huku mzee amelala kwake."

Nikamwambia nitalirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa na hakika, tena hakika ya kukera. Tofauti ilikuwa saa sita. Ingekuwa saa tatu ningeielewa mara moja, maana hizo ndizo zilizoko kati ya Griniwichi na kwetu. Saa sita hazina mwenyewe. Isipokuwa kwa mtego mmoja ninaoufahamu: nchi iliyo mbele ya Griniwichi kwa saa tatu, Yuniksi inataka uiandike *kutoa* tatu. Usiniulize kwa nini. Ukiandika kujumlisha, kama mtu mwenye akili timamu, unapotea saa tatu upande huu na tatu upande ule, na jumla yake ni sita. Nikasema nimeipata. Nikaandika kabisa na kusambaza ripoti ya ukurasa mzima nikiwalaumu waliotufungia mashine ya kwanza, kwa maneno ambayo mama yangu kule Muheza asingependa kuyasoma.

Kisha nikaenda kuangalia. Alama ilikuwa sahihi. Kwenye mashine zote tatu ilikuwa sahihi.

Alhamisi nzima nilitafuta saa sita zile. Nilipitia programu mstari kwa mstari. Nilitengeneza rekodi ya uongo kwenye mashine kuukuu, nikaihamisha, nikaitazama kwenye zile mpya: saa haikubadilika hata kwa dakika. Nikatengeneza nyingine kumi. Zote zilifika salama. Kwa mara ya kwanza wiki ile mashine tatu zilipatana, na nilichukia. Kama programu haikosei, basi aliyekosea ni mtu, na mtu aliyekuwa akikaa kwenye kile kiti alikuwa mmoja tu. Nikaanza kumfikiria vibaya. Nilikumbuka kwamba mwanawe anajua umeme. Nilikumbuka siku aliyoniuliza kama mashine inaweza kufanya kazi mtu akiwa hayupo. Nasema ukweli, jioni ile nilikwenda nyumbani nimeshamhukumu nusu, na asubuhi nilipokutana naye njiani akaniamkia kwa Kisambaa, "onga makeo", kama kawaida yake ya kila asubuhi, nilijibu nikitazama chini.

Ijumaa Nathanaeli alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, barua ya kumwondoa mzee imeshapigwa chapa, inangoja sahihi. Mzee Sharifu akaingia.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?" Akakaa mbele ya mashine kuukuu, ambayo tulikuwa bado hatujaizima. Akaandika saba. Kabla ya kubonyeza kitufe aliinua macho kwenye kona ya skrini, mahali mashine inapoonyesha saa.

"Saa tatu na dakika tano," akasema. "Tope leo limenichelewesha."

Nikatazama kona ile. 3:05. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Saa tatu na dakika tano, na mshale mfupi ulikuwa umepita tisa kidogo.

Nikaitazama skrini tena, kisha mkono wangu, kisha skrini. Mshale kwenye tisa, nasoma tatu, kama baba yangu alivyonifundisha, na yeye alivyofundishwa na baba yake. Skrini ina tatu, nasoma tatu. Miaka sita, ofisi nzima tumekuwa tukiisoma saa ile kila siku na hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu machoni petu hapakuwa na kasoro yoyote: saa moja tukifungua ilisema moja, na saa tisa na nusu tukifunga ilisema tisa na nusu. Mashine ilikuwa inakwenda kwa saa za Kiswahili.

Nani aliitegesha hivyo? Nilijua daftari lilipo. Kila mashine ina daftari lake la matengenezo, na la mashine kuukuu lilikuwa chini ya kabati. Ukurasa wa kwanza, mwezi wa tatu, mwaka tisini: *Nimetegesha saa ya mashine kwa kufuata saa yangu ya mkononi. Saa 3:10 asubuhi.* Chini yake kulikuwa na sahihi yenye mkia mrefu ambayo nilikuwa najivunia sana siku zile, nilipokuwa ndio kwanza nimetoka chuo.

Nathanaeli alilisoma daftari juu ya bega langu.

Tulikwenda kwa meneja, Mama Filomena, na nikaomba Mzee Sharifu aitwe. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama. Nikasema mashine hazina kosa, waliotufungia hawana kosa, na aliyepima mvua hana kosa. Nikaichana ripoti yangu ya Jumatano mbele yao kwa sababu nilijua wengine walikuwa wameshaisoma. Nathanaeli akauliza dawa yake ni nini, nikamjibu ni mstari mmoja tu wa programu, kuongeza saa sita kwenye kila rekodi. Akaikunja ile barua akaitia mfukoni. Mama Filomena akachukua kalamu na kuliandika jina la Sharifu kwenye orodha, hapo hapo, tukiona.

Mzee Sharifu alikuwa amesikiliza yote kwa utulivu, kofia mkononi.

"Kwa hiyo tangu Jumatano," akasema, "mlikuwa na karatasi inayosema mimi mwongo."

"Ndiyo, baba. Nilikuwa natafuta kosa."

"Wapi?"

"Kwenye mashine."

"Mashine zote tatu?"

"Zote tatu."

"Mimi nilikuwa nakaa hatua ishirini kutoka hapo," akasema. "Mashine tatu umeziuliza. Mimi hukuniuliza."

Nilisema nisamehe, baba, akasema yameisha, na akatoka kurudi kwenye kipimo chake. Mchana orodha ikabandikwa. Jina lake lilikuwamo, na langu lilikuwa chini yake.

Mashine kuukuu tuliizima Jumamosi. Mpya inakwenda kwa saa ishirini na nne na haijakosea tangu siku hiyo. Mzee Sharifu anaingia na tope lake, anakaa, anaandika namba yake kwa kidole kimoja. Ana saa mkononi, na ukutani tumetundika nyingine kubwa. Lakini kila siku, kabla hajabonyeza kitufe, anageuza kiti kunielekea na kuuliza kwa sauti ya kusikika ofisi nzima:

"Yunis, saa ngapi?"

Nami naacha ninachofanya, natazama, namjibu.

"Saa tatu na dakika tano, baba."

Ndipo anabonyeza.